Kutu kwenye majani: dalili zinazopotosha, chanzo chake na namna ya kuzichunguza

Anayeuliza "hii ni kutu gani?" mara nyingi huja na picha moja tu, imepigwa kwa juu, jani limekatwa kingo na jina la mmea halipo. Kwa picha hiyo hata mtaalamu hubaki kubahatisha. Kuvu za kutu zilizokwisha kuelezwa zinakaribia spishi 8,000, zote zikiwa katika oda moja iitwayo Pucciniales, na nyingi kwa macho ni vumbi lile lile la rangi ya chungwa. Kinachozitenganisha kwanza ni mmea zinaoishi juu yake. Kutu nyingi hukaa kwenye jenasi moja ya mimea au chache zinazokaribiana, kwa hiyo ukishajua mmea umepunguza maelfu ya majina yakabaki machache. Kama mmea huujui, acha kutu kwanza, tafuta ua au tunda la mmea huo.

Vifaa ni vichache: lenzi ya mkono inayokuza mara 10, wembe mpya, utepe wa gundi unaopenya mwanga, na karatasi nyeupe. Hadubini ya mara 400 inahitajika baadaye, si mwanzoni.

Rangi ya kutu ipo, lakini kidole hakitoki na vumbi

Hili ndilo linaloripotiwa kuliko yote. Futa upande wa chini wa jani kwa karatasi nyeupe yenye unyevu kidogo. Kutu iliyokomaa huacha mchirizi wa njano, chungwa au kahawia. Karatasi ikibaki safi, fuata mpangilio huu, kuanzia kinachotokea sana.

Mara nyingi si kutu kabisa. Ni doa la jani lililosababishwa na kuvu nyingine au bakteria, au jani linazeeka, au mmea umekosa kirutubisho fulani. Chini ya lenzi doa la namna hii ni bapa na tishu yake imekufa. Kipele cha kutu kimeinuka, na ngozi ya jani imepasuka ikajikunja pembeni.

Huenda ni kutu ambayo haijaiva. Kati ya spora (chembe za uzazi za kuvu) kutua na vumbi kutoka, kutu ya ngano huchukua kama wiki moja hadi mbili palipo na joto la wastani. Kutu ya majani ya mbuni, Hemileia vastatrix, huweza kuchukua wiki 3 hadi 7. Katika muda huo unaona doa la njano hafifu tu. Usilichume jani. Lifunge uzi kwenye kikonyo ulijue, ulirudie baada ya siku kadhaa.

Kama mabaka ni ya rangi ya chungwa, yana manyoya mafupi na yako upande wa juu wa majani magumu ya chai, mpera, mwembe au mparachichi, shuku mwani. Unaitwa Cephaleuros. Ni mmea mdogo wa kijani kwa nasaba. Rangi ya chungwa inatokana na karotini iliyojaa ndani yake. Wakulima wa chai wameuita kutu nyekundu kwa miaka mingi, na jina hilo limewaponza wengi. Lenzi inaumaliza ubishi: utaona nyuzi zilizosimama, zenye vichwa, na hakuna vumbi huru.

Utitiri nao hufanya mambo yake. Jamii fulani ya utitiri wasioonekana kwa macho husababisha jani liote zulia la nywele za kahawia upande wa chini, huku upande wa juu ukifura. Ukikwangua kwa wembe zinatoka nywele ndefu za jani, wala si chembe.

Halafu kuna feni. Vifuko vya spora chini ya jani la feni vina rangi ya kutu, vinatoa vumbi, na kila msimu kuna mtu anayetaka kuvipulizia dawa. Dalili ni mpangilio: vifuko vya feni hufuata mishipa ya jani kwa utaratibu uleule kwenye kila kipande cha jani. Kutu haina nidhamu hiyo. (Zipo kutu halisi za feni pia, lakini ni adimu kukutana nazo.)

Vumbi lipo, ila ni jeupe

Unga mweupe uliotandaa juu ya jani na kufutika kirahisi ni ubwiri unga, ambao si ndugu wa kutu. Tofauti yao ya tabia inasaidia ukiwa shambani: spora za kutu huhitaji majani yaliyolowa kwa saa kadhaa ili ziote, ilhali ubwiri unga hustawi hata pasipo tone la maji juu ya jani.

Malengelenge meupe yaliyofunikwa na ngozi ya jani, yakipasuka yanamwaga unga, ni kawaida kwenye jamii ya kabichi, mchicha na viazi vitamu. Huyo ni Albugo au ndugu zake. Watu humwita "kutu nyeupe", na jina hilo limemweka kwenye kapu la kutu bila haki. Nasaba yake ni omaiseti, kundi la kina Phytophthora wanaoozesha viazi. Jambo hili lina matokeo: dawa nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya kutu halisi hazimgusi omaiseti, kwa sababu mwili wake haufanyi kazi kama wa kuvu.

Sababu ya tatu ni nadra lakini nzito. Kwenye krisanthemumu, vipele vyeupe au vya waridi hafifu chini ya jani, vikilingana na mabonde ya njano upande wa juu, ni Puccinia horiana. Hiyo ni kutu halisi, isiyo na hatua ya vumbi la chungwa kabisa.

*Koma hapa.* Nchi nyingi zinaiweka kwenye orodha ya karantini. Usihamishe mmea, usigawe vipandikizi, usichume majani ukapita nayo kwenye vitalu vingine. Piga simu kwa mamlaka ya afya ya mimea.

Vumbi ni jeusi

Anza na swali la msimu. Kutu nyingi zinapofikia mwisho wa uhai wa jani huacha kutoa vumbi la chungwa na kutengeneza spora nene, nyeusi au kahawia iliyoiva, zinazoitwa teliospora. Vipele vile vile vya jana, leo vyeusi. Habari hii ni njema kwa anayetaka kutambua, maana teliospora ndiyo iliyotumika kwa muda mrefu kupanga jenasi. Kwangua kidogo kwa wembe, weka kwenye tone la maji, funika na utazame. Chembe (seli) mbili zilizopandana juu ya kikonyo: karibu kila mara ni Puccinia. Chembe moja yenye kikonyo: Uromyces, ile ya maharage kwa mfano. Chembe nyingi zilizopangana kama punje za tasbihi, kwenye waridi au vichaka vya miiba vya jenasi Rubus: Phragmidium. Ukoko wa chembe zilizobanana bila vikonyo: jamii ya Melampsora, ya kitani na mipopla.

Nasema "karibu kila mara" kwa sababu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mpaka kati ya Puccinia na Uromyces haufuati ukoo. Spishi za majina hayo mawili zimechanganyika kwenye matawi ya mti mmoja wa nasaba. Hesabu ya chembe ni ufunguo mzuri wa kufungulia kitabu, lakini haithibitishi undugu.

Kama vumbi jeusi limejaa mahali pa mbegu, kwenye suke au gunzi, hiyo ni fugwe. Kama ni utando mweusi juu ya jani unaobanduka kama karatasi, tafuta vidukari au wadudu gamba hapo juu. Ni ukungu wa masizi unaokula umajimaji mtamu wao. Na kama ua la mimea ya jenasi Silene lina chavua ya zambarau-nyeusi, chavua hiyo si chavua. Ni spora za Microbotryum, kuvu inayogeuza vifuko vya chavua kuwa viwanda vyake, na wadudu wanaotembelea maua wanaisambaza. Kwa sura na maisha ni fugwe kabisa, lakini vinasaba vinaiweka upande wa kutu.

Vikombe vidogo vya njano kwenye mmea usiotarajiwa

Hapa ndipo watu hukata tamaa, na mimi naona ndipo penye raha yenyewe. Umekuta vikundi vya vikombe vyenye kingo zilizopasukapasuka, vimejaa unga wa njano, chini ya jani la kichaka. Upande wa juu, mkabala na vikombe hivyo, kuna vitone vinavyometameta vyenye umajimaji. Unatafuta kutu ya kichaka hicho kwenye vitabu, huipati. Au unaipata kwa jina linaloanza na Aecidium, bila maelezo zaidi.

Sababu ya kwanza kufikiria: unaangalia nusu ya maisha ya kutu. Kutu kamili ina hatua tano za spora, na spishi nyingi huzigawa kwa mimea miwili isiyo na undugu wowote. Anton de Bary alilithibitisha hilo mwaka 1865 kwa kutu ya shina ya ngano, Puccinia graminis, ambayo nusu yake nyingine iko kwenye kichaka cha Berberis. Vitone vinavyometameta vilibaki fumbo mpaka 1927, J. H. Craigie wa Kanada alipoonyesha kwamba ni sehemu ya uzazi wa kijinsia: inzi hunywa utamu wake na kubeba spora ndogo kutoka kundi moja hadi jingine, na pasipo mchanganyiko huo vikombe havitokei. Ukiona vitone bila vikombe siku baada ya siku, jibu linaweza kuwa hilo tu: hakuna mdudu aliyepita.

Namna ya kuchunguza:

1. Andika jina la kichaka na tarehe, piga picha pande zote mbili za jani.
2. Zunguka mita chache. Tazama nyasi, matete na mimea mingine yenye vipele vya kutu, hasa vyeusi vya msimu uliopita kwenye mabua makavu. Kwa mtufaa na mpeasi tazama mijuniperi iliyo karibu: Gymnosporangium huvimbisha matawi yake, na mvua ikinyesha hutoa ndimi za utelezi wa rangi ya chungwa.
3. Usiunganishe mimea miwili kwa sababu tu imesimama pamoja. Ujirani ni dokezo. Uthibitisho ni kuambukiza mmea mmoja kwa spora za mwingine, au kulinganisha vinasaba vya pande zote mbili.

Ukikosa mwenzi, usione haya. Kutu ya mistari ya ngano, Puccinia striiformis, ilisomwa kwa zaidi ya karne bila mmea wake wa pili kujulikana, hadi mwaka 2010 ilipoonyeshwa kwamba nayo hutumia Berberis. Mwenyeji wa pili wa kutu ya mbuni hajulikani hadi leo.

Sababu nyingine ni kwamba huenda kutu yako imefupisha maisha. Zipo spishi zilizoacha mmoja wa mimea yao miwili na kumaliza kila kitu kwenye ule wa vikombe. Zinatoa vipele vyeusi vilivyokaa kwa mpangilio ule ule wa vikombe vya mababu zao, jambo lililoonwa na Mrusi Tranzschel na linalotumika hadi leo kukisia kutu ya maisha marefu iliyozaa ile ya maisha mafupi. Ukikuta teliospora mahali ulipotegemea vikombe, mkumbuke.

Kuhusu yale majina ya Aecidium na Uredo: zamani kila hatua iliruhusiwa kuwa na jina lake. Kanuni za majina zilizopitishwa Melbourne mwaka 2011 ziliondoa ruhusa hiyo, kwa hiyo kuvu moja ina jina moja. Majina ya zamani yangali yamejaa kwenye makabati ya sampuli na hifadhidata, ndiyo maana utafutaji wako hukwama.

*Koma hapa* kama unataka kufanya jaribio la kuambukiza. Lifanyike kwenye chumba kilichofungwa chini ya mtu mwenye kibali, si dirishani nyumbani.

Mmea mmoja, lakini vipele vya namna mbili

Kwenye mahindi geuza jani. Vipele virefu kidogo, kahawia, vilivyotawanyika pande zote mbili ni Puccinia sorghi. Vipele vidogo vya mviringo, vya chungwa, vimesongamana zaidi upande wa juu ni Puccinia polysora, inayopenda joto zaidi. Kwenye ngano tazama umbo: mistari ya njano iliyonyooka ni P. striiformis, vipele vya mviringo vya chungwa-kahawia kwenye jani ni P. triticina, vikubwa vya kahawia-nyekundu vyenye ngozi iliyochanika wazi, hasa kwenye shina, ni P. graminis. Kwenye miche michanga ile mistari haijajipanga bado, hivyo usiamue mapema. Na usisahau kwamba zote tatu zinaweza kukaa kwenye shamba moja.

Aina iliyokuwa sugu imeshika kutu

Kabla ya kutangaza kwamba kuna kutu mpya, ondoa sababu za kawaida. Mbegu kuchanganyika ndiyo ya kwanza: tazama kama walioshika wana urefu, rangi na masuke tofauti na wenzao. Ya pili ni umri. Ukinzani wa aina fulani hufanya kazi mmea ukishakomaa tu, mche wake hushika kama mwingine yeyote. Ya tatu ni joto, maana baadhi ya jeni za ukinzani hulegea joto linapopanda.

Kisha tazama kipele chenyewe kwa lenzi. Kidogo, kimezungukwa na tishu iliyokufa: mmea unapigana, ukinzani upo. Kikubwa, kinamwaga vumbi, jani pembeni lingali kijani: mmea umefunguka. Kipimo cha 0 hadi 4 alichotengeneza Elvin Stakman na wenzake kwa kutu ya shina kimejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo.

Baada ya hapo ndipo ufikirie mbari mpya, yaani ukoo ndani ya spishi ile ile uliojifunza kukwepa jeni fulani. Mfano unaojulikana ni Ug99, iliyopatikana Uganda mwaka 1998 na kupewa jina mwaka uliofuata. Ilivunja jeni Sr31 iliyokuwa ikilinda ngano nyingi duniani. Kwa hadubini haitofautiani na kutu nyingine yoyote ya shina. Hutambulika kwa kupandwa kwenye seti ya aina maalumu za ngano, au kwa vinasaba, na kazi hiyo ni ya maabara. Kipele kikubwa kwenye aina yenye ukinzani uliothibitishwa ni habari ya kutoa siku hiyo hiyo.

Dawa imepigwa, vipele vinaendelea

Mara nyingi dawa imefanya kazi na macho ndiyo yanayodanganya. Kovu la kipele halifutiki. Gusa kwa utepe wa gundi: kama vumbi haling'ang'anii, kipele kimekufa. Vipele vinavyotokea siku chache baada ya kupulizia huenda vilikuwa tayari ndani ya jani, na dawa za kinga kama za shaba haziwafikii walioingia. Kwa hiyo pima kwa majani yaliyochipua baada ya dawa. Yakishika na hayo, chunguza kama upande wa chini ulilowa, kama kuna mimea ya kujiotea inayorudisha spora kila siku, na mwisho kabisa kama kutu imezoea kundi hilo la dawa. Kuongeza kipimo juu ya kilichoandikwa kwenye lebo si suluhisho. Ukifika hapo mwite afisa ugani.

Vipele vyenyewe vinaonekana kuugua

Vitone vyeusi vinavyong'aa katikati ya kipele cha chungwa huandikwa "teliospora" na wengi wasiochungulia. Pasua kimoja. Kikiwa ni kifuko kinachomwaga spora zisizo na rangi, ni Sphaerellopsis filum, kimelea cha kutu. Pamba nyeupe iliyofunika vipele vya mbuni huenda ni Lecanicillium lecanii, ambayo pia hushambulia wadudu gamba wa mti huo huo. Funza wadogo wa chungwa wanaotambaa ndani ya vumbi ni viluwiluwi vya Mycodiplosis, inzi mdogo anayelelewa kwa spora. Rangi yao inatokana na chakula.

Rangi ya zambarau juu ya vikombe ndiyo ya kustaajabisha. Hiyo ni Tuberculina, na imebainika kuwa ni hatua nyingine ya Helicobasidium, kuvu inayoozesha mizizi ya mimea. Huanza juu ya kutu, huishia kwenye mzizi, na yenyewe ni ndugu wa kutu.

Wageni hawa hawahitaji tiba. Ila wataje kwenye lebo ya sampuli, kwa sababu hii inayofuata.

Maabara inatoa majibu ya ajabu

Ukiweka spora kwenye agar (jeli ya kuoteshea vijidudu) na isiote kitu, hujakosea: kutu hula kwenye seli hai tu. Puccinia graminis iliwahi kuoteshwa nje ya mmea, Australia, mwaka 1966, lakini si njia ya utambuzi. Ukiota ukungu wa kijivu au mweusi, umeotesha aliyekuwa amekaa juu ya jani.

Vinasaba vikirudi na jina la kuvu isiyohusika, mshukiwa wa kwanza ni vile vimelea vya kutu, au kuvu za juu ya jani. Rudia kwa kipele kimoja kisafi, kichaguliwe chini ya lenzi, na uombe kisomwe kipande cha DNA kiitwacho 28S, kwa vianzio (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia usomaji) vya kutu, badala ya kutegemea ITS, kipande kingine kinachosomwa kwa kuvu zote. Jina likirudi la kutu lakini la mmea tofauti, angalia kama rekodi uliyolinganishwa nayo ina sampuli iliyohifadhiwa. Nyingine zimeandikwa kimakosa tangu mwanzo.

Lini umkabidhi mwingine

Vumbi la njano kali kwenye machipukizi ya mikaratusi, mipera au jamii yao yoyote ni la kutolewa taarifa mara moja. Huenda ni Austropuccinia psidii, kutu isiyochagua, inayojulikana kwenye spishi zaidi ya 400 za familia hiyo, ambayo iliingia Australia mwaka 2010. Usikate tawi kulipeleka kwa mtu. Piga picha hapo hapo, weka alama, badilisha nguo na ufute viatu kabla ya kuingia eneo jingine.

Kwa sampuli za kawaida, kausha jani katikati ya karatasi kama unavyokausha ua, lisiguse plastiki, kwani unyevu huoza jani na kuotesha ukungu. Bahasha ya karatasi, jina la mmea, kipande chenye ua kama kipo, mahali, tarehe, na upande wa jani wenye vipele. Usitume sampuli hai kuvuka mpaka bila kibali. Mwenye pumu asikwangue vipele bila barakoa.